Ukuta wa Fundi Sinakili

Mtu akishika neno moja na kulisema miaka nenda miaka rudi, watu humvua jina alilopewa na wazazi wake wakamvika neno lile. Ndivyo ilivyomkuta mchora mabango mmoja aliyependa kusema, "Mimi sinakili." Alisema akiwa juu ya ngazi, alisema akiwa chini, alisema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Mteja akimletea picha iliyokatwa gazetini na kumwomba amchoree kama ile, aliisukuma pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa unywele kwenye sahani, kisha akasema, "Mimi sinakili. Niambie unauza nini, kichwa kitafanya kazi yake." Basi wakamwita Sinakili, naye akalipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Wala halikuwa jina la mzaha. Mwenzake wa kazi, fundi waliyemwita Kipara, aliwahi kuchora samaki aliyevaa kofia kwenye ukuta wa mgahawa. Samaki mwenye kofia alikuwa wa Sinakili, wa kichwa chake mwenyewe, na alikuwa tayari anang'aa kwenye duka moja la samaki upande wa pili wa mji. Sinakili alipopata habari hakumwita mwenzake pembeni kama watu wazima wanavyoitana. Alikwenda mchana, mgahawa umejaa, akasimama katikati ya meza na kusema, "Asiye na kichwa chake huazima cha jirani." Kipara akaleta ndoo ya chokaa akaanza kumfuta samaki yule, walaji wakimtazama vijiko mikononi. Sinakili alingoja mpaka kofia ilipopotea, ndipo akaondoka. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na kila mtu anajua methali hiyo inavyoishia.

Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango. Mteja anapeleka picha asubuhi, mchana bango limekwisha, lina rangi zote na namba ya simu, na mashine haidai chai. Sinakili akabaki na kuta za shule, milango ya maduka ya watu wasio na haraka, na maandishi ya kukataza watu kutupa taka. Nyumba ikashikwa na binti yake, muuguzi katika wodi ya watoto ya hospitali ya mji. Mama mtu alikuwa amefariki zamani, na hao wawili walikuwa wamezoeana kiasi kwamba waliweza kununiana siku nzima na bado wakapeana chumvi mezani.

Binti huyu alikuwa na ugonjwa wake mmoja: michezo ya mafumbo. Hakutaka ile ya bunduki wala ya magari, na ile inayotangazwa kila mahali aliipita kama hakuiona. Alipenda michezo midogo, iliyotengenezwa na mtu mmoja au wawili chumbani kwao, ambamo mchezaji anaingia ndani ya picha iliyochorwa kwa mkono, anatembea humo taratibu, anafungua droo, anasoma alama ukutani, anatafuta ufunguo. Mingi haikuwa hata na maneno. Akitoka zamu alivua viatu, akakaa kitini na tableti yake, akaanza kuitafuta. Kurasa za mwanzo za duka la michezo hakuzitazama. Kidole chake kilishuka, kikashuka, mpaka kule chini ambako maoni ya watu ni ya kuhesabika na nyota zimekauka.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba," alisema.

"Mtu mzima, mwenye mshahara wake," Sinakili alijibu, "anasukuma vidoti kwenye kioo."

Maneno hayo aliyasema akiwa na miguu miwili mizima. Kisha ngazi ikamtupa, siku moja alipokuwa akipaka jina la duka la vitasa, na akarudishwa nyumbani na plasta kutoka kwenye goti hadi kwenye vidole. Akakaa dirishani. Akagombana na redio, akagombana na inzi, akaanza kugombana na binti yake juu ya namna ya kukunja shuka. Binti akaona hapa pana hatari. Akamwekea tableti mapajani.

"Usicheze," alimwambia. "Tazama rangi tu."

Sinakili akatazama rangi tu. Ulikuwa mji ambao kila nyumba imejengwa juu ya paa la nyingine, na ndani yake mzee mmoja mwenye mfuko wa zana anapanda ngazi kwenda kurekebisha saa za watu. Alitaka kucheka akashindwa. Aliona mahali brashi ilipoinuliwa kabla haijakauka. Aliona rangi ya maji ilivyoachwa ijitawanye yenyewe pembeni mwa paa, jambo ambalo fundi mwoga halifanyi. Aliyechora hii, akasema moyoni, ana mkono. Akamgusa mzee yule kwa kidole, mzee akainua kofia na kusogea hatua moja. Binti aliporudi kutoka kazini alikuta chai aliyomwachia baba yake imepoa, haikuguswa.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilipata furaha ambayo ilikuwa haijaingia kwa muda mrefu. Jioni walikaa bega kwa bega. Sinakili ndiye aliyeshika tableti. Binti, ambaye mchezo ule alikuwa ameshaumaliza, alikaa ameweka mikono katikati ya magoti ili isije ikaonyesha.

"Usiniambie," baba alisema.

"Sijasema kitu."

"Umevuta pumzi. Ukivuta pumzi hivyo najua nimepita mahali."

Walimaliza mchezo wa saa, wakamaliza wa bustani iliyo ndani ya kabati, wakamaliza mmoja wa ndege wa karatasi ambao binti alilia mwishoni na baba akajifanya anatafuta miwani. Hatimaye Sinakili naye akaanza kuinama. Binti akiwa kazini, kidole chake kikashuka mpaka chini kabisa, na huko akaokota mchezo ambao karibu hakuna aliyeujua. Maoni mawili tu: mmoja alisema unakwenda polepole mno, mwingine alisema ulimkumbusha mama yake. Hakumwambia binti. Alitaka kwanza aumalize, kisha ampe kama zawadi, mambo ya mzazi kuficha kitu mgongoni huku anacheka mwenyewe. Nia ile, kwa wakati ule, ilikuwa safi kama maji ya kunywa.

Ulikuwa mchezo wa mwanamke anayebeba kapu la nguo akitafuta njia ya kufika uani. Alipita vyumba, akapita ngazi, na mwisho akafika mbele ya jengo ambalo Sinakili alilitazama mara moja na moyo wake ukanaswa. Jengo la ghorofa, rangi ya udongo uliolowa, madirisha tele, kila dirisha na mbao zake za kufungia, na mbele ya kila dirisha nguo moja imeanikwa: gauni, soksi, shuka, shati la mtoto. Chini, mlango mdogo wa kijani usiofunguka. Ukigusa dirisha linajifunga, na bila shaka palikuwa na mpangilio wa kuyafunga, lakini Sinakili hakuupata. Alijaribu juu kwenda chini, akajaribu chini kwenda juu, akajaribu kwa hasira. Mlango ukakaa palepale. Akalitazama jengo lile siku baada ya siku mpaka akalijua kuliko nyumba aliyokuwa amekaa ndani yake.

Kitu kimoja tu kilimkera. Vivuli vya nguo vilikuwa vimekosewa. Cha gauni kilielekea kushoto, cha soksi kilipanda juu, cha shuka kilikimbilia kulia, kana kwamba kila nguo ilikuwa na jua lake. Sinakili akamsikitikia mchoraji. Mkono mzuri namna hii, akasema moyoni, na hajui jua limesimama upande gani.

Plasta ikatolewa. Siku hizohizo Matroni wa wodi ya watoto, mama mpana asiyependa maneno mengi, akataka ukuta wa wodi upakwe upya. Mabango ya mashine yalikuwa yamejaribiwa, dawa za kusafishia zikayabandua. Binti akasema, "Baba yangu anaweza." Hakusema anajua kupaka rangi, alisema baba yake hajawahi kuchora kitu cha mtu mwingine, na watoto wataona kitu ambacho hawajakiona popote. Alijitia dhamana kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wauguzi wenzake, akarudi nyumbani anang'aa.

Sinakili akakaa mezani na karatasi. Akachora simba. Simba akatoka kama wa bucha. Akachora jogoo, akatoka wa duka la mayai. Akachora basi, akachora kichwa kilichonyolewa, na mwisho, kwa shida, akamchora samaki mwenye kofia. Na yule samaki, aliyewahi kumfanya amfedheheshe mwenzake mchana kweupe, akamtazama kutoka kwenye karatasi kama mzee aliyechoka. Hapo akagundua jambo ambalo hakulipenda. Maisha yake yote kulikuwa na mtu wa kumwambia anauza nini. Watoto wale hawakuuza kitu, na kichwa chake, bila mteja, kilikuwa kimenyamaza kimya.

Akaivuta tableti. Alijiambia anapasha mkono moto tu. Akalichora jengo la udongo kwenye karatasi, akalipiga miraba ya kulihamishia ukutani, na kabla jioni haijaingia alikuwa anajua atakachofanya na anajua kinaitwaje. Nani atajua, alijiuliza. Mchezo uko chini kabisa, ambako watu hawafiki, na mwenyewe yuko mbali, pengine hata hajui kama nchi hii ipo. Ukimsikia mtu anajiuliza nani atajua, ujue yeye mwenyewe ameshajua.

Watoto walihamishiwa chumba cha pili, shuka ikatundikwa, Sinakili akafanya kazi. Mafundi wa ukuta wana sheria yao moja: ukutani hakuna kurekebisha. Ukiwa juu ya ngazi, pua yako karibu na rangi, kila kitu kinaonekana kimepinda, na fundi anayeanza kunyoosha pale juu huharibu. Kwa hiyo unaiamini miraba ya karatasi, kilichomo kwenye mraba unakihamisha kama kilivyo, na hukumu unaiacha mpaka utakaposhuka. Alipofika kwenye vivuli alisimama na brashi mkononi. Alitamani sana kuvinyoosha, amsaidie yule mwenzake wa mbali. Sheria ikamshinda. Akavihamisha kama vilivyo, gauni kushoto, soksi juu, shuka kulia.

Alipomaliza akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mabango hayawekwi jina la fundi, yanawekwa namba ya simu. Safari hii alipiga magoti kwenye kona ya chini, na kwa herufi zake nzuri, nene kwa tumbo na nyembamba kwa mkia, akaandika: Sinakili. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote.

Shuka ilipoondolewa, wodi nzima iligeuka kutazama. Matroni alikuwepo, wauguzi walikuwepo, wazazi wamebeba watoto wao, na binti mbele ya wote, mkono mdomoni. Sinakili alikuwa ameapa kwamba wakiwa wawili tu atamwambia: mwanangu, hili nililiona mahali, njoo nikuonyeshe. Aliingoja nafasi hiyo kama mtu anayengoja mvua ipungue. Lakini binti hakumtazama. Alikuwa amesogea karibu na ukuta, ameinamisha kichwa upande mmoja, na Sinakili akaitambua ile pumzi.

"Baba," alisema binti, "vivuli hivi umevipindisha makusudi."

Akaweka kidole kwenye kivuli cha gauni. Kilielekea kushoto, na kushoto kulikuwa na dirisha la soksi. Kivuli cha soksi kilipanda, na juu yake kulikuwa na dirisha la shuka. Cha shuka kilikwenda kulia, kwenye shati la mtoto. Kidole kikapita dirisha hadi dirisha, watoto wakaanza kukifuata na vidole vyao hewani, wengine wamefungwa bandeji, hadi kivuli cha mwisho kilipolala juu ya mlango mdogo wa kijani.

"Ni fumbo," binti akawageukia watu. Sauti yake ilikuwa imejaa. "Yapo madirisha ya kufunga, moja baada ya jingine, na vivuli ndivyo vinavyokuonyesha. Baba yangu ametuwekea fumbo ukutani. Si ndivyo, baba?"

Sinakili alikuwa ndiyo kwanza naye analiona. Majuma yote yale alikuwa amemsikitikia mchoraji kwa kutojua jua. Alitamani sakafu ipasuke immeze, lakini sakafu ya hospitali ilikuwa imemiminwa vizuri. Watu wote walimtazama, na binti yake alimtazama kuliko wote. Akaitikia kwa kichwa.

Msichana mmoja mwenye plasta mguuni, aliyekuwa amekalia kitanda cha magurudumu, akauliza, "Na nyuma ya mlango kuna nini?"

Sinakili akautazama mlango wa kijani. Hakujua. Mwenye nyumba aliyesimama mbele ya nyumba yake hakujua kilichomo ndani. "Hiyo," alisema mwishowe, "ni siri."

Watu wazima wakacheka kwa kuridhika, na Matroni akasema, "Basi siri hiyo tunaitaka. Ukuta wa pili ule pale, fundi, unakungoja."

Siku zilizofuata Sinakili alikula sifa kama mtu anayekula na jino bovu. Binti aliivaa habari ile kama gauni jipya, akatoka nayo kila mahali. Aliwasimulia wauza mboga, akawasimulia majirani, akawasimulia wagonjwa waliokuja kutibiwa jino. Tableti aliiacha ikakaa na vumbi. "Nitafute michezo ya nini," alisema, "na mtengenezaji ninaye nyumbani?" Jioni alikuja na karatasi akipendekeza kitakachokuwa nyuma ya mlango, na baba akasema kichwa kinamuuma, na binti akamletea dawa na maji kwenye bilauri. Dawa ile aliimeza. Angefanyaje?

Kipara naye alikwenda kuutazama ukuta. Alimkuta Sinakili pale anapima ukuta wa pili, akavifuata vivuli kwa kidole hadi mlangoni.

"Nilikuwa nakuwekea kinyongo," alisema hatimaye. "Kwa ajili ya yule samaki. Nilisema, huyu mtu amenivua nguo mbele ya watu kwa sababu ya samaki. Leo nimeona. Mwenye kichwa kama hiki ana haki ya kukilinda."

"Kipara, ndugu yangu," Sinakili alianza.

"Hapana, acha niseme. Nilikosea mimi." Akampa mkono. Sinakili akaupokea, na kiganja cha mwenzake kilikuwa kikavu na cha uaminifu, chake kimelowa.

Alirudi nyumbani, binti bado yuko kazini. Akaipangusa tableti vumbi, akalifungua jengo la udongo, akayafunga madirisha kwa njia ambayo kidole cha binti yake kilimfundisha. Mlango wa kijani ukafunguka bila kelele. Nyuma yake kulikuwa na ua mpana wenye kamba za nguo zikipishana kama njia, na mwanga wa jua moja tu, uliotulia, ukipita kwenye mashuka meupe. Na mwishoni mwa ua, kwenye kigoda, mama mmoja mzee anakunja nguo bila haraka, kisha anainua uso, na unaona kwamba muda wote huu alikuwa anakungoja wewe. Ulikuwa mzuri, ua ule. Na kabla Sinakili hajamaliza kuona uzuri wake, kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuupiga miraba.

Alijishika katikati ya kitendo hicho, kama mtu anayekuta mkono wake mwenyewe ndani ya mfuko wa mgeni. Mara ya kwanza aliweza kusema alibanwa. Sasa nani amembana? Akaiweka tableti mezani, akakaa mbali nayo, na aibu ikamjia yote, ya ukuta na ya jina na ya kule kuitikia kwa kichwa, hata ya Kipara na ndoo yake ya chokaa, mpaka masikio yakawa moto.

Binti aliporudi alimkuta amekaa hivyo hivyo. Alidhani mguu umerudi kuuma.

"Keti, mama," Sinakili alimwambia, na akamsukumia tableti.

Binti akaketi. Akatazama kioo, akatazama kwa muda. Kisha kidole chake kikaanza kufunga madirisha, gauni, soksi, shuka, shati la mtoto, polepole, bila kukosea. Mlango ukafunguka. Akautazama ua mpaka yule mama mzee akainua uso.

"Umechorwa vizuri," alisema.

"Mwanangu, nilitaka kukupa kama zawadi. Nilitaka kwanza niumalize, halafu..."

"Nimewaambia watu wote, baba."

"Najua."

"Hata wagonjwa nimewaambia." Hakuinua sauti. Afadhali angeinua. "Siku ile nilipokuuliza, ukaitikia kwa kichwa. Ulikuwa unaitikia nini?"

Sinakili alitafuta jibu, na kila alilolishika lilikuwa la uongo kidogo. Nje mtu alikuwa anafunga duka lake.

"Na ule ukuta mwingine, ulikuwa unataka kuchora huu ua?"

"Nilikuwa nimeanza kuufikiria," alisema. "Ndiyo maana nimekuita ukae. Najiogopa."

Binti alichezea kona ya kitambaa cha meza. "Sasa niwaambie nini watu?"

"Waambie ukweli. Kama ulivyo, usinipunguzie."

"Sawa," alisema binti. "Nitawaambia hivyo."

Akaenda kumwambia Matroni siku ya pili, yeye mwenyewe, baba yake amesimama nyuma yake ameshika kofia. Matroni hakutukana wala hakupiga meza. Alisema watoto wameshaupenda ukuta na hautafutwa. Aandikiwe mwenye mchezo, aombwe radhi na ruhusa, na jina lililoko kwenye kona liondoke leo. Ukuta wa pili ungebaki mweupe. Kisha akarudi kwenye kazi zake, na Sinakili akaona kwamba hata kukasirikiwa alikuwa hajastahili.

Akapiga magoti kwenye kona ileile na kopo dogo la rangi ya udongo. Herufi zake zilikuwa nene, hazikukubali kufunikwa kwa mkono mmoja wa rangi. Alipaka, akangoja ikauke, zikachungulia tena, akapaka tena. Watoto walimzunguka wakitaka kujua kwa nini anajifuta, naye akawaambia kwamba nyumba hii si yake, alichukua ya mtu. Wakaelewa haraka kuliko alivyotarajia, na wengine wakaondoka. Chini yake akaliandika jina la mwenye mchezo, kama lilivyokuwa limeandikwa humo, kwa herufi ndogo za adabu.

Akiwa bado yuko chini, mama mmoja akaingia na mtoto aliyelazwa asubuhi ile, mwenye homa, kichwa kimelala begani. Mtoto alipouona ukuta akanyanyua kichwa. Binti wa Sinakili alikuwa anawatandikia kitanda, hatua chache tu kutoka pale.

"Pazuri," alisema yule mama. "Nani amechora?"

Sinakili aliisikia ile pumzi. Aliinamia brashi yake, akangoja neno ambalo binti yake alikuwa amelisema kwa watu wote wa mji, neno alilokuwa ametangulia nalo kila mahali kabla ya jambo jingine lolote.

"Nyumba hii aliibuni mtu wa mbali," alisema binti, akinyoosha shuka. "Fundi huyu aliinakili tu."

Kila neno lilikuwa kweli, na ndivyo alivyomwomba aseme. Yule mama akamgeukia Sinakili kwa adabu, akamwambia, "Hongera ya kazi, fundi," naye akaitikia, "Asante, mama," bila kuinua uso. Binti akamaliza kitanda, akampokea mtoto, akapima homa yake, akapita na kapu la shuka chafu karibu sana na magoti ya Sinakili. Yule mama hakuwa na namna yoyote ya kujua kwamba watu hao wawili ni baba na mwanawe.